Kabla Hamjapiga Windows Mpya, Kaeni Kikao

Mwezi huu naomba tuache kidogo mambo ya zawadi na mitoko ya wikiendi, tuzungumzie kitu kilichokaa kimya pale mezani sebuleni, kimefunikwa kitambaa cha kufuma. Naam, kompyuta ya nyumbani. Usinicheke. Barua niliyopata kutoka Korogwe imenionyesha kwamba kompyuta inaweza kuwanunisha watu wiki nzima, tena watu wanaopendana kwelikweli.

Wenyewe ni mume na mke, ndoa yao haijamaliza miaka mitano. Bwana ni mwalimu huko Handeni, bibi ni mhasibu Korogwe mjini. Kati yao kuna lami ya kama kilomita 65, kwa hiyo bwana hurudi Ijumaa jioni na kuondoka Jumatatu alfajiri. Laptopu ni moja, ya mtumba, waliinunua Kariakoo wakiwa bado wachumba. Kwa muda mrefu ilikuwa ikiwaletea ujumbe kwenye skrini kwamba Windows 10 inafikia mwisho, na wao wanaufunga ule ujumbe na kuendelea na yao.

Jumatatu moja bwana akaona amfanyie mwenzake sapraizi. Akaitia laptopu kwenye begi, akaipeleka kwa fundi huko Handeni, akamwambia: "Nipigie Windows mpya." Fundi akapiga. Ijumaa laptopu ikarudi Korogwe inang'aa, nyepesi, inawaka haraka kama mpya. Bibi akaifungua, akatafuta, akatafuta tena, kisha akauliza kwa sauti ndogo: "Mume wangu, picha za mama ziko wapi?"

Mama yake alifariki mwaka juzi. Mle ndani kulikuwa na picha za ugonjwa wake na za siku alizokuwa mzima, na sauti yake akimwombea dua mjukuu. Kulikuwa pia na hesabu za kikoba cha wanawake, ambacho bibi ndiye mtunza hazina. Bwana akajibu jibu ambalo wanaume wengi tungelijibu: "Sikujua kama mle kuna kitu." Bibi akasema: "Hukuuliza."

Niliongea na wote wawili kwenye simu. Sauti ya mama ilipatikana, kwa sababu bibi aliwahi kumtumia dada yake na dada hakuifuta. Hesabu za kikoba zilijengwa upya kutoka kwenye vitabu vya wanachama, kazi ya usiku minne. Picha nyingi hazikurudi. Kilichomuuma bibi zaidi ya picha, nadhani utakisia: kitu cha wawili kiliamuliwa na mmoja.

Kwa hiyo hoja yangu mwezi huu ni fupi. Kuhamisha kompyuta kwenda toleo jipya ni kazi ya fundi, lakini kuiandaa ni kazi ya watu wawili, tena wameketi pamoja. Hebu tuone mnaandaa nini.

Kwanza, jueni mnakwenda wapi

Microsoft iliacha kutoa matengenezo ya bure ya usalama kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta haikuzimika siku hiyo, na hilo ndilo linalowafanya wengi wajione salama. Inawaka kama kawaida, ila matundu mapya yakigunduliwa hayazibwi. Kwa watumiaji wa nyumbani kampuni ilitangaza mpango wa nyongeza kwa wanaojiandikisha, mwisho wake ukapangwa kuwa tarehe 13 Oktoba 2026. Nyongeza kama hiyo ni ya kununua muda tu. Safari yenyewe inabaki palepale.

Safari ni kwenda Windows 11, na kwa mashine inayofaa yenye Windows 10 halali, kuhama ni bure. Neno zito hapo ni "inayofaa". Inatakiwa RAM ya GB 4 na nafasi ya GB 64 kwenye diski, ingawa mimi nakushauri usishuke chini ya GB 8 za RAM kama unapenda kuishi bila presha. Inatakiwa pia chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na prosesa isiyo ya zamani sana. Kwa Intel, kwa kawaida ni kizazi cha 8 kwenda juu.

Hapo ndipo mashine nyingi za mtumba zinapokwama. Tazameni jina la prosesa. Ikiwa imeandikwa i5-6300U, hiyo 6 inayofuata kistari ni kizazi cha 6, haifiki. Ikiwa ni i5-8350U, hicho ni kizazi cha 8, inafika. Microsoft wenyewe wana programu ya bure iitwayo PC Health Check inayokagua mashine na kukwambia inafaa au haifai. Fanyeni hivyo kabla ya kutoa hata shilingi moja ya fundi.

Haifai? Msianze kulaumiana nani aliichagua pale Kariakoo. Kuna mifumo ya bure ya Linux inayokubali mashine za zamani. Linux Mint, kwa mfano, inaridhika na RAM ya GB 4. Wala usidhani ni vitu vya wazungu tu: mwaka 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria za ofisi kwa Kiswahili. Au wekeni bajeti ya mashine nyingine taratibu, na hii ya sasa isitumike tena kwa mambo ya benki.

Pili, fahamuni tofauti ya kuhama na kufomati

Hapa ndipo bwana wetu wa Handeni alipoteleza bila kujua. Kuna njia mbili. Moja ni kuhama mkiwa na mizigo yenu: Windows mpya inaingia juu ya ya zamani, na inakuuliza kama ubaki na mafaili na programu zako. Nyingine ni kufomati: diski inasafishwa, Windows inawekwa upya, kilichokuwemo kinaondoka. Mafundi wengi hupenda ya pili kwa sababu ni ya haraka na mashine hutoka nyepesi. Ukisema "nipigie Windows" bila maelezo, huenda kwake umesema "safisha kila kitu".

Je, kilichofomatiwa kinaweza kurudi? Kwenye diski za zamani zinazozunguka, kidogo ndiyo. Ni kama daftari lililochanwa ukurasa wa yaliyomo: kurasa zingine zipo mpaka mtu aandike juu yake. Ndiyo maana ukigundua umepoteza kitu, zima mashine, usiendelee kuitumia. Lakini kwenye diski za kisasa za SSD, mashine huwa inasafisha yenyewe upesi, na matumaini huwa madogo mno.

Tatu, kila mtu na orodha yake

Watu wa Handeni hawahitaji kufundishwa akiba. Mji uliozoea kusubiri maji ya HTM, ule mradi wa miaka ya 1970 unaovuta maji ya Mto Pangani kutoka upande wa Korogwe, unajua kwamba huoshi simtanki kabla hujajaza ndoo. Na kompyuta ni hivyohivyo. Jaza ndoo kwanza.

Chukueni karatasi mbili. Kila mmoja aandike peke yake vitu ambavyo vikipotea ataumia. Kisha unganisheni orodha. Utashangaa. Mmoja ataandika vyeti vilivyoskaniwa, mikataba, hesabu za biashara. Mwingine ataandika picha za kipaimara, video ya ngoma ya harusi, CV, kazi ya chuo ambayo haijaisha. Hakuna orodha iliyo ya maana kuliko nyingine. Ukimcheka mwenzio kwa alichoandika, umeshaharibu kikao.

Mkitafuta, msiishie kwenye folda ya nyaraka. Tazameni ile sehemu ya mbele ya skrini ambako watu hurundika kila kitu, vilivyopakuliwa kutoka intaneti, kurasa na nywila zilizohifadhiwa ndani ya kivinjari, barua pepe za programu ya Outlook, na data za programu ya hesabu kama ipo. Programu mliyoinunua kwa leseni, andikeni namba yake.

Nne, nakala moja si nakala

Wanaotunza kumbukumbu kwa kazi wana kanuni yao: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja iwe nje ya nyumba. Kwa wanandoa wanaoishi miji miwili, huu ni wakati pekee ambapo umbali ni baraka. Nunueni diski ya nje, mweke mafaili yote, ibaki Korogwe. Nakala ya pili ya vile vya muhimu zaidi iende Handeni kwenye flashi, au ipande kwenye hifadhi ya mtandaoni. Mwizi akiingia nyumba moja, hakuingia mbili.

Kisha jambo ambalo wengi hulisahau: ifungueni nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine. Fungua picha tatu nne, cheza ile sauti, fungua ile hesabu. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni matumaini tu.

Tano, kunakili si kupekua

Hili najua limewakaa kooni baadhi yenu. "Sasa tukikaa wote, si ataona mambo yangu?" Tuwe wakweli. Mtu mzima ana mazungumzo yake na dada yake, ana shajara yake, ana barua ya kuomba kazi ambayo hajawa tayari kuisema. Ndoa haifuti faragha.

Kubalianeni kabla ya kuanza: kila mmoja anakili folda zake mwenyewe, mwenzake akiwa anapika chai. Baada ya kuhama, kila mtu afunguliwe akaunti yake ndani ya mashine, na folda moja iwe ya familia. Anayetumia siku ya kunakili kufanya upelelezi amechagua vita, wala asisingizie kompyuta. Na kama unahisi kuna jambo, uliza kwa mdomo.

Sita, funguo ziko kwa nani?

Mashine nyingi za sasa hufunga diski kwa ulinzi uitwao BitLocker au jina la karibu na hilo. Ni kitu kizuri mwizi akiichukua. Lakini siku mashine ikigoma kumtambua mwenyewe, itaomba ufunguo wa tarakimu 48, na ufunguo huo mara nyingi huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya aliyeiandaa mashine. Sasa jiulizeni: ni akaunti ya nani? Ya shemeji aliyesaidia? Ya fundi? Ya mchumba wa zamani?

Kabla ya kuhama, itafuteni, muiandike kwenye daftari linalokaa na vyeti vya ndoa na hati za kiwanja. Wote wawili mjue lilipo. Nimesikia wajane wanaohangaika na mashine zilizojaa kumbukumbu ambazo hawawezi kuzifungua, na huo ni msiba juu ya msiba.

Siku yenyewe

Chagueni siku wote mpo. Hakikisheni LUKU ina uniti za kutosha na chaji imejaa, maana umeme kukatika katikati ya kazi si jambo la kuchezea. Mzigo wa kupakua ni wa GB kadhaa, kwa hiyo bando la simu la siku moja linaweza lisitoshe. Chomoa ile diski ya nje kabla hujaanza, isije ikaguswa kwa bahati mbaya.

Mkienda kwa fundi, nendeni pamoja au mpigiane simu mbele yake, mseme wazi: "Tunahama, usifomati bila kutuuliza." Fundi mzuri atafurahi.

Baada ya kuhama, Windows huwapa siku 10 za kurudi toleo la zamani kama mambo hayaendi. Zitumieni. Jaribuni printa, sauti, programu ya kazi, folda zote. Na zile nakala zenu msizifute eti kwa kuwa kila kitu kimekwenda sawa. Kaeni nazo.

Swali langu la mwezi huu basi, la kujibu mkiwa wawili: kompyuta yenu ikiamka kesho ni tupu, mwenzako atalilia nini? Kama jibu hulijui, usiishike hiyo laptopu. Mwandalie chai kwanza, kaa naye, muulize.

Tukutane mwezi ujao. Nawatakia mapenzi mema na umeme usiokatika.