Saa za Nyumbani Nazo Zihesabiwe



Daftari za ofisi yetu zina mahali pa kuandika ekari, ng'ombe, magunia na deni. Mahali pa kuandika saa hapana. Wazee wetu walioingia skimu za Mpango wa Ekari Milioni, ulioanza mwaka 1962, waliwekewa shabaha ya mapato ya mwaka. Shabaha ya kupumzika hakuna aliyeiweka.

Wako wasemao kwamba mwenye shamba hana likizo, basi asiitafute. Mimi sikubali. Kazi ya shamba haiishi, ni kweli, lakini sehemu kubwa ya inayotuchosha si kulima, ni kutembea.

Tazama maji. Ng'ombe wa gredi atoaye lita 10 za maziwa hunywa karibu lita 60 kwa siku, na wakati wa jua kali huzidi. Hiyo ni mitungi 3 ya lita 20. Ukiwa na ng'ombe wawili ni mitungi 6, bila ya kupikia na kufulia. Ni nani aichotaye? Mara nyingi si wewe, bwana, usomaye gazeti hili. Ni mama wa nyumba na watoto. Nami nilisomea ualimu kabla ya kuingia ofisini, najua kwamba mtoto aliyepanda mlima na mtungi mara mbili kabla ya kengele huja darasani kusinzia.

Ikiwa nyumba yako ni ya mabati, maji yako juu yako. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba hutoa lita 1. Paa la mita za mraba 50 likipata milimita 10 hukusanya kadiri ya lita 500, yaani mitungi 25 ambayo hakuna mgongo ulioibeba.

Tena iko saa ya kukama. Ng'ombe hutaka saa ile ile: kumi na moja alfajiri, kumi na moja jioni. Baba akikawia senta hadi saa mbili usiku, maziwa hupungua, chakula huchelewa, na watoto hulala bila kumwona. Nepia ya asubuhi nayo yafaa ikatwe jana yake mchana, si gizani.

Tangi ni ghali, najua. Anza na mfereji upande mmoja wa paa na pipa la lita 200. Likijaa, safari 10 za mtoni zimeondoka. Lifunike vizuri, mbu wasizaliane humo.