Sumu ya viwandani haiishi kwa kusafisha maji pekee

KIWANDA kinapojigamba kuwa kimesafisha majitaka yake, yafaa tuulize: sumu iliyotolewa majini imepelekwa wapi? Metali nzito kama vile risasi, kromiamu na kadimiamu haziozi. Zikiondolewa majini hubaki katika tope, nalo aghalabu hupakiwa lorini hadi jaani, ambako mvua huzirejesha mtoni.

Chukua viwanda vya ngozi vinavyotumia chumvi za kromiamu. Majitaka yake yakitiwa chokaa ili kupunguza asidi, kromiamu huganda na kuzama. Wengi hudhani kazi imekwisha hapo, ilhali ndiyo kwanza inaanza. Tope hukamuliwa maji, likachanganywa na saruji ili metali zinaswe, kisha kipande chake huloweshwa katika maji yenye asidi kidogo kupima kiasi cha sumu kinachochuruzika. Likishindwa mtihani huo, halistahili kuondoka kiwandani. Chokaa nayo ina kipimo chake, kwani ikizidi mno, risasi iliyokwisha kuganda huyeyuka tena. Na anayelichoma tope la kromiamu huenda akaigeuza kuwa aina inayosababisha saratani.

Wenye viwanda hulalamikia gharama. Wakumbushwe kisa cha Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, kilichoanza kazi 2007, kiliwatia wakazi sumu ya risasi hadi kilipofungwa 2014. Mahakama iliwapa wakazi hao fidia ya Sh1.3 bilioni mnamo Julai 2020, na baada ya mvutano wa rufaa, Mahakama ya Juu ikairejesha fidia hiyo Desemba 2024. Mamlaka ya Kitaifa ya Kusimamia Mazingira (Nema) ilikuwa miongoni mwa waliobebeshwa lawama. Yaani mlipa ushuru naye amo katika deni hilo.

Jijini Nairobi, utafiti wa Umoja wa Mataifa wa 2007 uliwapima watoto 328 wanaoishi karibu na jaa la Dandora. Nusu yao walikuwa na risasi kupita kiasi katika damu.

Sheria si haba. Kanuni za taka za 2006 zinamtaka mwenye taka hatari azitibu kabla ya kuzitupa, na Nema ndiyo hutoa leseni za kuzisafirisha. Haihitaji idhini ya Bunge kuagiza kwamba lori lisitoke langoni bila cheti cha kipimo cha tope lililobebwa.