Kamina: «Batri ni batri tu» ni uongo unaotugharimu

Wakaaji wa Kamina, tukatae neno hilo la wauzaji. Minibus ya jamaa ikigoma kuwaka usiku kwenye njia ya Bukama, watoto ndio wanaolala porini. Joto linachakaza batri haraka, na iliyokaa dukani bila kuchajiwa inakufa polepole. Kabla ya kutoa franka, angalia tarehe yake. Ukubwa, ampea na upande wa vichwa vya chanya na hasi vilingane na vya batri ya kiwandani. Kisha muuzaji aipime mbele yako: volti 12,6 imejaa, chini ya 12,4 usiipokee. Akikataa kupima, ondoka. Wakubwa wa muji nao wakague soko: batri iliyotumika isiuzwe kwa jina la mpya.