Magurudumu ya Ekseli Moja Sharti Yalingane

Liko swali ambalo wengi huliona dogo: je, gari livalishwe magurudumu ya kimo kimoja, au yoyote yapatikanayo? Mimi nashikilia kwamba, kwa ekseli moja, jibu ni moja tu: sharti yalingane.

Naelewa kinachomsukuma mwenye matatu iendayo Umoja, Kayole au Dandora. Tairi likipasuka katika Barabara ya Jogoo, asubuhi ya wafanyakazi na wanafunzi, hana wasaa wa kulitafutia pacha wake. Hununua kuukuu lolote linaloingia kwenye rimu. Siku ikipotea, riziki imepotea. Hata hivyo, kuingia kwenye rimu si kulingana.

Walimu wa hisabati na wanafunzi wao na wapime pamoja nami. Tairi lenye maandishi 195/65 R15 lina kipenyo cha milimita 634.5; la 195/60 R15 lina milimita 615. Rimu ni ile ile ya inchi 15, lakini 65 na 60 ni asilimia ya upana wa tairi, nazo ndizo ziamuazo kimo cha ubavu. Katika kilomita moja, kubwa litazunguka mara 502 hivi, dogo mara 518. Yakifungwa pamoja kwenye ekseli inayosukumwa na injini, difu, iliyoundwa kusawazisha mizunguko gari likatapo kona, itataabika hata barabara inaponyooka. Itachakaa mapema, nalo gari huenda likavuta upande mmoja, hasa breki zikanyagwapo ghafla. Fahali wawili hawakai zizi moja.

Isitoshe, kanuni zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004 ziliwekea matatu kikomo cha kilomita 80 kwa saa. Kipima mwendo huhesabu mizunguko tu. Magurudumu makubwa kuliko yaliyokusudiwa humdanganya dereva kwamba anakwenda polepole.

Nitaambiwa kwamba trekta lina magurudumu makubwa nyuma. Naam, lakini mhandisi ndiye aliyepanga hivyo, na la kushoto hulingana na la kulia.

Basi wenye magari na wanunue matairi mawili mawili. Nanyi walimu, fundisheni duara kwa tairi. Mwanafunzi ajuaye kusoma ubavu wake ataweza kuamua, kabla ya kupanda, iwapo gari hilo linastahili kubeba uhai wake.