Mchoro Usio na Jina ni Yatima

Wakristu wenzetu, kuna maneno tunayoyasikia sana katika parokia za Kasongo na Kabambare: picha takatifu ni ya kusalia, jina la aliyeichora lina faida gani? Maneno hayo yanajivika unyenyekevu. Sisi tunasema ni uvivu, na mara nyingine ni mlango wa wizi.

Tazameni mambo yalivyokwenda Ulaya. Mabwana wa kale wa uchoraji walichora watakatifu kwa wino na chaki kabla ya kupaka rangi makanisani, na nyingi za karatasi hizo hawakuzitia sahihi. Padre Sebastiano Resta, Mworatorio wa Roma aliyefariki mwaka 1714, alizikusanya kwa maelfu akazipanga katika vitabu vikubwa. Kazi njema! Lakini alipenda mno majina makubwa: michoro mingi aliyoiita ya Correggio, wataalamu wa baadaye waliikataa. Hata hivyo aliandika mawazo yake waziwazi, na jambo lililoandikwa huweza kusahihishwa.

Kibaya zaidi ni uongo wa makusudi. Mwingereza Eric Hebborn, aliyekufa mwaka 1996, alitafuta karatasi tupu za zamani, akatengeneza wino wa namna ya zamani, akachora mfano wa mabwana wale. Nyumba kubwa za makumbusho zikanunua. Mwaka 1978 mtaalamu mmoja wa Washington akalinganisha michoro miwili iliyouzwa kwa majina ya watu wawili tofauti, akaona karatasi ni ya namna moja. Hapo udanganyifu ukaanza kufichuka.

Kazi ya kutambua mkono si uganga. Mwalimu akiokota daftari lisilo na jina, je, hatambui mwandiko wa mwanafunzi wake? Vivyo hivyo wataalamu hutazama karatasi, wino na mwendo wa kalamu. Leonardo da Vinci alitumia mkono wa kushoto, basi mistari yake ya kivuli hushuka toka juu kushoto kwenda chini kulia.

Msiseme mambo haya ni ya Wazungu tu. Kusini mwetu, upande wa Katanga, kuna kijiji cha Buli. Mbelgiji Frans Olbrechts, katika kitabu chake cha mwaka 1946 juu ya sanaa ya Kongo, alionyesha kwamba sanamu kadhaa zenye uso mrefu zilitoka katika karakana moja. Kwa kuwa hakuwa na jina la mtu, aliiita kwa jina la kijiji. Ilipita miaka mingi ndipo likasikika jina la fundi: Ngongo ya Chintu. Na hata leo wengine wanaona mikono miwili katika sanamu zile, si mmoja. Kwa nini shida yote hii? Kwa sababu waliozibeba sanamu waliliacha jina kijijini. Wenye fedha walipata kiti na sanamu. Wajukuu wa fundi walipata nini?

Mtu atatujibu: sisi hatuna vitu vya thamani. Nani amewaambia? Katekista aliyechora Njia ya Msalaba ukutani, mama aliyetarizi Bikira Maria juu ya bendera ya chama, hao ndio mabwana wa kale wa kesho. Nchi yetu imepitiwa na vita vya Kasongo mwaka 1893, na vya Wasimba mwaka 1964, na tena vile vya 1996 na 1998. Karatasi ikiungua na jina halikuandikwa mahali pengine, vyote viwili vimekwenda.

Wala si shauri la mapenzi tu. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni 1283, inadai orodha kamili ya vitu vya thamani na vya utamaduni. Na kanuni 1292 inakataza kuuza vitu vyenye thamani kwa sanaa au historia pasipo ruhusa ya Kiti Kitakatifu. Basi anayemwuzia mchuuzi picha ya sakristia jioni, na kusema ni karatasi kuukuu tu, ameiibia parokia.

Tufanye nini? Daftari moja na kalamu vinatosha. Kwa kila picha tuandike: nani aliichora, wapi, mwaka gani, na nani ametuambia. Kama wazee hawana hakika, tuandike "inasemekana". Tusimpe mtu sifa isiyo yake, kwa maana kumpa jina kubwa ni ushuhuda wa uongo pia. Nakala moja ikae parokiani, nyingine ipelekwe kwa Baba Askofu.

Wazee waliowajua wachoraji wetu wanazeeka. Twendeni kwao mwezi huu, baada ya Misa, tukawaulize.