Ngoma ya Mgeni Rasmi Tu

Jumamosi iliyopita kwenye kikao cha wazazi, katika shule moja huku kwetu upande wa Mkongo, mwalimu kijana alisimama akaomba mambo mawili: tuchange mafuta ya gari darasa la sita waende Ngarambe, na Ijumaa aalikwe bibi mmoja awafundishe watoto kusuka ukili. Hajamaliza, mzee wa safu ya mbele akamkata: "Mwalimu, watoto tumewaleta wasome, hatukuwaleta kucheza." Makofi. Mwalimu akakaa.

Makofi yale yananikera mpaka leo.

Tuulizane, wazazi wenzangu. Alipokuja mgeni rasmi kuzindua madarasa, watoto haohao si walitolewa darasani wiki mbili nzima kufanya mazoezi ya ngoma? Walipigwa na jua, wakakaririshwa shairi la kumsifu mgeni, wakafungwa vibwebwe, na mgeni wa saa nne akafika saa nane. Mzee wangu huyuhuyu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinuka kutunza. Siku ile haikuwa kucheza? Au ngoma huwa elimu ikichezwa mbele ya viti vya plastiki vilivyovishwa vitambaa?

Mwingine akadakia kwamba mtoto akizoea ngoma atakuwa mhuni. Wahuni ninaowajua mimi pale stendi ya Kibiti hawawezi kupiga hata mkebe. Wanachojua ni kubeti.

Na hiyo Ngarambe si Ulaya. Ni humuhumu wilayani Rufiji, ng'ambo ya mto. Ndiko Kinjeketile Ngwale alikowagawia watu maji, na Wajerumani wakamnyonga Mohoro, Agosti 1905, Vita vya Majimaji ndiyo kwanza vinaanza. Ebrahim Hussein akamwandikia tamthilia iliyotoka 1969. Nilimuuliza mpwa wangu Ngarambe iko wapi. Miaka ya vita anayo kichwani, 1905 hadi 1907, bila kukosea. Akanijibu: "Songea, mjomba." Simlaumu, makumbusho ya Majimaji yako huko.

Nikafungua daftari lake. Swali: taja vifaa vinne vya kutengenezea mkeka. Kaandika ukindu, rangi, maji. Cha nne kimemshinda, kapata tatu kwa nne. Na wakati ananionyesha, bibi yake yuko barazani, hatua kumi tu kutoka tulipokaa, anaunga mkeka wa kuuza, shazia iko mkononi! Mtoto kaishi na shazia tangu azaliwe, ila hakuna aliyemwambia kwamba ile nayo ni jibu. Hayo ndiyo masomo tuliyoyapigia makofi. Jambo la nyumbani mpaka likaandikwe ubaoni, na likishaandikwa mtoto halitambui tena.

Mtaala mpya wa msingi, wa 2023, una somo zima liitwalo Sanaa na Michezo. Yule kijana hakuwa anaomba starehe. Alikuwa anaomba ruhusa ya kufanya kazi yake.

Hela hakuna, mnasema. Hela ya mahafali ya chekechea inatoka wapi? Mtoto wa miaka sita kavishwa joho na kofia, keki ghorofa mbili, spika zinatikisa kijiji kizima. Kahitimu nini? Kuhesabu mpaka ishirini.

Magari ya watalii yanapita hapa Mkongo kwenda Mloka, kwenye Hifadhi ya Taifa Nyerere. Wageni wamekata bahari kuja kuitazama Rufiji. Watoto wetu wanasimama kando ya barabara na madaftari kwapani, wanawapungia mikono.

Mwenyekiti wa kamati, kikao kijacho nakuja na mama yangu na mzigo wake wa ukindu. Tuwekeeni nafasi chini ya mwembe. Viti vyenye vitambaa hatuvihitaji.