Do-Re-Mi Si Mali ya Wazungu

Leo najua nitawaudhi baadhi yenu, hasa nyinyi wazazi ambao watoto wenu wanakuja kwangu kila Jumamosi kujifunza gitaa. Nimevumilia vya kutosha. Wiki tatu zilizopita baba mmoja, mtu ninayemheshimu sana, alimtoa mwanawe darasani. "Mwalimu," akaniambia, "mwezi mzima mtoto anapiga do-re-mi tu. Harusi ya dada yake imekaribia na hana hata wimbo mmoja. Sisi Waafrika muziki tumezaliwa nao. Hayo ya skeli waachie Wazungu."

Wengine wenu mlicheka mkakubaliana naye. Haya, tuzungumze.

Nani kazaliwa na muziki? Mtoto aliyekulia Morogoro miaka ya sitini alisikia ngoma, kwaya, redio ya jirani na bendi ikifanya mazoezi, yote hayo kabla hajagusa gitaa. Skeli ilikwisha muingia sikioni bila yeye kujua jina lake. Mtoto wetu wa hapa Uingereza muziki wa kwetu anausikia mara mbili kwa mwaka, kwenye sherehe, tena katikati ya kelele za watu wanaogombea pilau. Huyo ndiye mnayesema hana haja ya kufundishwa?

Na skeli yenyewe ni kitu gani hata iogopwe? Shika uzi wowote, upige wazi: hiyo ni do. Kisha bonyeza freti ya 2, ya 4, ya 5, ya 7, ya 9, ya 11 na ya 12. Basi, hiyo ndiyo skeli meja. Ukitaka C karibu na kichwa cha gitaa, anza uzi wa 5 freti ya 3. Uzi wa 4 wazi, freti ya 2, ya 3. Uzi wa 3 wazi, freti ya 2. Uzi wa 2 wazi, freti ya 1. Sauti nane.

Sasa msikilizeni Jean-Bosco Mwenda, ambaye Hugh Tracey alimrekodi kule Katanga mwaka 1952. Msikilizeni Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, au Dk. Nico wa Kinshasa. Solo zao zinatembea humo humo, na mara nyingi kwa sauti mbili mbili: do na mi, re na fa, mi na so. Hapo ndipo asiyejua skeli anapoumbuka. Kwenye C, ukitumia uzi wa 2 na wa 1, re na fa vidole vinapishana freti 2, mi na so vilevile 2, lakini fa na la vinapishana 1 tu. Ukilazimisha umbali mmoja shingo nzima, utatoa sauti ya paka aliyekanyagwa mkia.

Nasema kwa uchungu kwa sababu yalinikuta. Nilipiga gitaa nyumbani miaka kumi na moja, nyimbo zaidi ya mia, zote kwa kukariri mahali pa vidole. Nilipofika huku nikaalikwa kupiga harusini. Mwimbaji, dada wa Kikongo, koo lilikuwa limemkauka. Akaniinamia: "Kaka, shusha kidogo, toka C twende A." Nikaduwaa. Kodi nilibahatisha, solo ikanishinda kabisa, na kijana wa kinanda, umri wa kuwa mwanangu, akaichukua. Nilirudi na basi la usiku, gitaa mapajani. Kumbe kilichotakiwa ni kuhamisha do tu. Hatua ni zile zile.

Mpiga udi wa Muscat au Unguja ataniambia kwamba dunia haina skeli meja peke yake. Kweli kabisa. Rasti ina sauti ya tatu ambayo inaangukia katikati ya freti zetu, na gitaa la kawaida halina mahali pake. Lakini mwulizeni huyo mpiga udi kama aliziruka makamu akakimbilia nyimbo.

Kosa langu nalikubali: mwezi mzima wa kupanda na kushuka unamchosha mtoto. Siku hizi tunapiga skeli dakika kumi, kisha tunatafuta humo humo wimbo ambao mama yake anaimba jikoni, bila kuonyeshwa vidole. Juzi binti wa miaka tisa aliupata wote peke yake, akakosea sauti moja, akajisahihisha. Mimi nilikaa kimya.

Na wewe baba uliyemtoa kijana, sina kinyongo. Kiti chake bado kipo. Jumamosi hii tunaanza G, ambako F inapanda freti moja, na wenzake hawajamwacha mbali.